Moto Umo

Sheria ilikataza kuwasha jiko kabla ya kujua kama moto umo moyoni mwa jua. Ndiyo maana kila asubuhi Nyamizi alimngoja mumewe, Lusangija, atoke zamu mgodini, kwenye tangi linalonasa nyutrino, chembe zinazotoka moyoni mwa jua na kutufikia kwa dakika chache tu, zikipenya hata miamba.

“Moto umo, Baba Kulwa?”

Desturi ni kujibu “umo” kabla hata ya salamu. Leo Lusangija alivua buti kwanza.

“Anika mahindi, Mama Kulwa. Mwanga huu ulitoka huko moyoni kabla babu zetu hawajazaliwa. Utatufikisha uzeeni.”

“Nimekuuliza, moto umo?”

Akainama, akakung’uta buti lisilo na vumbi.

Jirani akapaza sauti nyuma ya ua: “Mama Kulwa, umo?”

Nyamizi akamtazama Kulwa akicheza juani.

“Umo,” akajibu, na moshi ukaanza kupanda nyumba baada ya nyumba.