Mzazi wa Tangi la Kioo

Bi Mwanaidi, mkunga mstaafu, alikuja kumtembelea bintiye, na kwa siku mbili hakumsemesha mkwewe Hemedi ila kwa salamu. Asubuhi ya tatu, siku ya kuondoka, alisimama mbele ya tangi la samaki sebuleni, akakunja uso.

"Huyu mwenye tumbo kubwa ni mja mzito," alisema. "Atazaa leo."

"Ndiyo, mama," Hemedi alijibu kwa adabu. "Samaki hawa hawatagi mayai, wanazaa. Ila huwala watoto wao."

Bi Mwanaidi alimtazama kana kwamba yeye ndiye mwenye tabia hiyo. Katika miaka arobaini ya kuzalisha hakuwahi kukutana na mzazi wa namna hiyo.

"Nawe umemwekea mchanga mtupu. Watoto wajifiche wapi?"

Hemedi alikwenda mtoni, akarudi na matope hadi magotini na fungu la majani ya maji. Waliyaosha, wakayapanda mchangani kwa vidole, mikono yao ikigongana majini na kila mmoja akiomba radhi.

Adhuhuri kitoto cha kwanza kikachomoka, macho na mkia tu. Mama yake akageuka, kinywa wazi.

"We mwanamke, una wazimu? Mwanao huyo," Bi Mwanaidi alimkaripia.

Kitoto kikajitosa majanini. Kikafuata cha pili, kisha cha tatu. Basi la alasiri liliondoka bila Bi Mwanaidi. Alikuwa amepiga magoti, pua kiooni, akimvuta Hemedi kwa ukosi wa shati.

"Sogea huku, mwanangu. Hapo ulipo huoni kitu."