Beseni la Chuma cha Angani

Mwanangu alipotimiza siku arobaini, mama mkwe alitoa beseni lake. Lilikuwa jepesi na linang'aa. Baba mkwe alilikata kwenye kipande cha roketi kilichoanguka nyikani, malishoni kwao, mwaka ule kondoo walipokufa.

"We bibi harusi wa mjini, mbona unanitolea macho kama umeona mbwa mwitu?" mama mkwe alicheka. "Chuma hiki hakishiki kutu. Wenzako wanakililia!"

Wanawake wakacheka, wakatupia sarafu za fedha kwenye maji ya beseni. Nilimvua mtoto nguo. Unyayo wake uligusa chuma, akaukunja mguu.

"Wanangu wote niliwaogesha humu," alisema mama mkwe, akichota kijiko cha kwanza kati ya vijiko arobaini vya maji ambavyo kwa desturi mtoto humwagiwa siku hiyo.

Nilitazama dirishani. Kule kilimani kuna makaburi madogo ambayo hakuna aliyewahi kuniambia ni ya nani.

"Hata Daulet, mama?" Daulet ni mume wangu, na ndiye mtoto pekee aliyembakia mama mkwe.

"Aa, huyo hakuogea humu. Yeye alizaliwa na kukua kabla kile kipande hakijaanguka."

Kijiko kilikuwa tayari juu ya kichwa cha mtoto. Akageuka kutazama kule kilimani, kisha akayamwaga maji sakafuni.