Ndiyo ya Lorne

Wewe hujawahi kujibu ndiyo kabla hujalisoma swali?

Lorne aliweka toleo jipya la programu ya hifadhidata kwenye seva ya Linux ya maktaba. Alipoliondoa la zamani, kompyuta ikamuuliza: na data zake zifutwe? Akabonyeza ndiyo, kwa mazoea. Kumbe hakuwa amezihamishia kwenye toleo jipya. Orodha ya wasomaji, ya miaka kumi na tisa, ikatoweka.

Mkuu wa maktaba akamletea donati. "Kula, ndugu yangu, usijitese. Ni diski kuukuu tu zilizoipoteza orodha. Yule fundi aliyetuuzia nimemwambia asirudi tena."

Sukari ilimganda Lorne vidoleni. Akaipangusa kwenye suruali, isitoke.

"Bosi, diski hazina kosa," akasema mwishowe. "Nilifuta mimi."