Zamu ya Kumpikia Padre

Jumapili ya Matawi, kanisani Burat, Padre Lochoro alianguka katikati ya kusoma Mateso ya Yesu, kitabu kikamfuata chini.

Watu walidhani ameteleza. Mzee Kirigia, aliyekaa benchi la nyuma, hakudhani hivyo.

"Ni shibe hiyo," akasema, na haikuwa sauti ya kanisani.

Gari ya misheni ilikuwa pale nje, haina mafuta. Walimbeba hadi kwa pikapu ya Kithinji, muuza nyanya, na Kirigia akapanda nyuma pamoja nao. Hakupanda kwa huruma. Mkewe Kinanu alipougua, Kirigia alikimbia kuomba gari hiyo hiyo akaambiwa haina mafuta, na Kinanu akafia kwa toroli kabla hawajafika lami. Tangu siku hiyo aliamini wakubwa wanakula na maskini wanazika. Alitaka jambo moja tu: askofu amuondoe padre huyu.

Makandi, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa amemlaza padre mapajani. "Amekuwa mwepesi," akasema.

"Mwepesi wapi? Si mnampikia kila siku kwa zamu? Hata na kiangazi hiki."

"Ni mtumishi wetu, Mzee. Tukimwacha alale njaa, tutamwambia Mungu nini?"

"Amewahi kurudisha chakula?"

"Hajawahi. Sahani zinarudi safi."

"Si nilisema." Kirigia akatema mate nje ya pikapu. "Akishajaza tumbo ndiyo anazunguka na makombo. Kwangu karibu kila jioni. Kwa yule mama Gumato pia, na kwa wazee wa kule mtoni. Eti, 'Kula, Mzee, mimi nimeshiba.' Simwambii asante. Mabaki ya mkubwa hayana asante."

"Lakini unakula," Kithinji akasema kutoka kwa usukani.

"Nakula. Ulitaka nipatie nani? Wewe?"

Makandi hakucheka. Alikuwa anampepea padre na tawi lake la mtende.

Hospitalini, Kirigia alimfuata daktari hadi mlangoni. "Pima sukari, daktari. Ni ugonjwa wa wale wanakula vizuri."

Walikaa kwa benchi wakingoja. Daktari Abdinajib alipotoka, alikuwa anavua glavu polepole.

"Sio sukari. Sio moyo. Huyu ni njaa, na ni njaa ya muda mrefu. Siwezi kuwaahidi kama ataamka." Akawaangalia. "Nyinyi Wakatoliki, kwani Kwaresima mnafunga namna hii?"

"Hapana, daktari," Makandi akasema haraka. "Sisi tunampikia. Hata jana nilimpelekea mimi mwenyewe, sahani ikarudi tupu."

Daktari akamtazama Makandi, kisha Kithinji, kisha Mzee Kirigia, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na hicho cha jana kililiwa na nani?"