Kabla ya Kumgusa

Emérence alinawa mikono, akaipasha joto kwapani, kisha akainama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Papa Akonkwa, ni miye Emérence. Nataka kutosha sindano ya mukono. Plasta itavuta kidogo."

Akangoja kidogo, kisha akaibandua taratibu, akaichomoa sindano. Hapakuwa na kelele.

Tangu nyumba yao ya mtaa wa Kasha iungue, Akonkwa, mtoto wa miaka sita aliyeitwa Papa kwa kubembelezwa, hakutaka kuguswa. Watu walimnyakua motoni bila neno, na tangu siku hiyo kila mkono uliomjia aliuona moto. Kumbadilishia bandeji kulihitaji wauguzi watatu wa kumshika, naye akilia mpaka sauti inakauka. Emérence alichoshwa na kilio kile kuliko zamu zenyewe.

Ndipo zikaja podikasti. Hospitali iliwatumia wauguzi kwenye simu masomo mafupi ya kusikiliza juu ya watoto mahututi waliokwisha kuona makubwa. Cédric, mkuu wa zamu, alisema hayo ni ya nchi zenye wauguzi wa kumwaga. Emérence naye alicheka, lakini akawa anasikiliza akipanda kwenda kazini kutoka mtaa wa Nguba, sikio moja kwa mwalimu, la pili kwa pikipiki. Taja jina lako, alisema mwalimu. Sema utakalofanya kabla hujalifanya. Kama itauma, usimdanganye. Mama asitolewe nje.

Jumatatu akamwahidi Akonkwa, mbele ya mama yake Chantal, kwamba hatamgusa tena kwa ghafla. Mtoto alimtazama kama anayetazama mwongo. Lakini kilio kilianza kupungua, na Emérence akaona kwamba mwaka huu mzima, ahadi hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya sawasawa. Hakutaka kuivunja.

Cédric alichungulia mlangoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Banangojea kitanda, Emérence. Unasema naye nini tena?"

"Nilimuahidi."

Cédric alishusha pumzi, akaenda zake.

Emérence akataja mpira wa oksijeni, akautoa. Akasema maji ni ya vuguvugu, akamwosha uso, shingo, kisha vidole kimoja kimoja. Miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Chantal, aliyeketi kichwani pa kitanda, alikuwa ameletewa na jirani shati jeupe la Jumapili, akaomba radhi kwamba litakuwa kubwa kidogo. Emérence akamwambia halina shida. Kila mkono wa shati aliutaja kabla ya kuuvisha.

"Leo hakulia," alisema Chantal.

"Hakulia, maman."

Emérence alishika pindo la shuka. Akainama tena.

"Papa Akonkwa, ni miye Emérence. Sasa nataka kukufunika uso."