Sahihi ya Jumanne

Kwa wiki tano, sahihi ya Kamusi kwenye karatasi ya mahudhurio ilikuwa ikiwekwa na mtu mwingine.

Mtu huyo walimwita Shangazi. Alikuwa na miaka ishirini na moja na hakuwa na mpwa hata mmoja, ila tangu mwaka wa kwanza ndiye aliyekuwa akigawa vidonge vya kichwa, akiwaazima watu kalamu na kuwauliza kama wamekula, basi jina likamganda. Kamusi alikuwa rafiki yake wa karibu. Naye alipewa jina lake kwa sababu mhadhiri alikuwa hajamaliza swali, yeye jibu limeshamtoka.

Hayo yalikuwa ya zamani. Mwaka wa pili wa famasia ulimshika pabaya. Alifeli kemia, akarudia, akafeli tena, na asubuhi moja akashindwa tu kutoka kitandani. Homa hana, kichwa hakimuumi. Alilala ameelekea ukutani.

"Ukikosa mara tatu, jina linapelekwa kwa mshauri wa wanafunzi," Shangazi alimwambia. "Atakuja hapa, na atapiga simu kwenu."

"Asipige. Mama ameshawatangazia mtaa mzima kwamba nitafungua duka la dawa. Nisainie wewe. Wiki moja tu, nitakaa sawa."

Akamsainia. Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa tano. Karatasi ilianzia mbele, kwa kiongozi wa darasa, kijana mpole asiye na maneno mengi, ikapita mikono mia mbili mpaka ikamfikia Shangazi kiti cha nyuma kabisa. Alijisainia yeye, akatazama kushoto na kulia, kisha akamsainia mwenzake. Hakuwa amezoea uongo.

Lakini uongo huzoeleka, jamani. Mama yake Kamusi alipopiga simu, Shangazi alijibu haraka, "Hajambo, mama. Simu yake mbovu, na anasoma kweli kweli."

Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya kipindi, alikwenda na chupa ya chai, chakula kwenye kopo na madaftari yake hadi chumba alichopanga Kamusi, uani kwa fundi cherehani.

"Vijiko vitano," alimwambia. "Nahesabu."

"Shangazi gani wewe, mkali kuliko mama mzazi."

"Kula, maneno baadaye."

Kamusi alikula vitatu. Siku nyingine viwili. Mara moja alimshika mkono akamwambia, "Unajua, ukija wewe ndiyo najua kuwa leo Jumanne." Shangazi alicheka, akakunja nguo zilizozagaa sakafuni, akaondoka akiwa amechoka hoi. Naye alikuwa na mitihani yake. Alikuwa amekonda, alisinzia darasani mpaka kalamu ikamponyoka, na jaribio la mwisho alipata alama ambazo hakumwonyesha mtu.

Jumanne ya wiki ya sita, karatasi ilipomfikia, aliinua kalamu, akaishusha. Nafasi ya Kamusi ilikuwa imeshasainiwa.

Aliinuka nusu akatazama mbele. Safu ya tatu aliona kilemba cha kijani, kama kile cha Kamusi. Machozi yalimtoka palepale, akajifuta kwa kiganja huku mhadhiri akiendelea kuandika ubaoni. Rafiki yake ameamka. Amekuja kwa miguu yake mwenyewe.

Kipindi kilipokwisha watu walimiminika mlangoni, na kile kilemba asikione tena. Hakuumia. Alisimama nje ya ukumbi na chupa yake ya chai, akawaza. Mtu akishasimama mwenyewe, ukimwendea na kijiko utamrudisha kitandani. Mwache apumue. Chai aliinywa yeye, akaenda bwenini kwake, akalala kuanzia alasiri mpaka asubuhi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala hivyo baada ya wiki nyingi.

Alhamisi alikwenda mikono mitupu, na utani wake umeshaiva mdomoni: umepona, hata salamu hakuna. Alibisha. Akabisha tena. Fundi cherehani aliacha mashine yake, akaja kubisha naye, halafu akaenda kuchukua nyundo.

Daktari alisema Kamusi alifariki Jumatano asubuhi.

Mama yake alifika siku iliyofuata. Walimketisha uani, kwenye kiti cha wateja wa fundi, na Shangazi akapiga magoti mbele yake, akamwambia yote: kitanda, simu ambayo haikuwa mbovu, sahihi za wiki tano. Alingoja apigwe kofi. Mama alimshika tu mabega.

"Na Jumanne, siku yake ya mwisho?"

"Jumanne alikuja darasani, mama. Alisaini mwenyewe."

Mama alilishika hilo kwa mikono miwili. Kila aliyeingia kumpa pole aliambiwa, "Mwanangu alipigana. Jumanne aliamka akaenda kusoma." Ndicho kitu pekee kilichomwezesha kumeza maji.

Wanafunzi walipokuja kutoa pole, alitaka kujua zaidi. Alivaa nini siku hiyo? Alikaa na nani? Alicheka hata kidogo? Shangazi alimwita kiongozi wa darasa, akamsogeza mbele ya kiti.

"Wewe hukaa mbele, karatasi inaanzia kwako. Mweleze mama alivyokuwa Jumanne."

Kijana hakumtazama mama, alimtazama Shangazi.

"Nilijua unamsainia, na nilikuwa nakuona unavyosinzia," alisema taratibu. "Nikaona Jumanne nimsainie mimi, wewe upumzike."