Kura ya Mshona Viatu wa Portage-Noir

Katika jimbo zima la Portage-Noir, mtu mzima mmoja tu alikatazwa na sheria kupiga kura siku ya uchaguzi, na huyo huyo ndiye aliyeachiwa aamue nani awe mbunge.

Historia ya jimbo lenyewe haijazi ukurasa. Lilichorwa kwenye ramani ya Kanada mwaka 1914, likafutwa miaka kumi na tisa baadaye, na wabunge wake hawakuacha bungeni Ottawa hata alama ya kiatu. Ila Novemba ya 1925 magazeti ya nchi nzima yalilitaja. Jaji alihesabu kura kwa mara ya tatu, akavua miwani, akasoma: Aurèle Bourque, 4,117. Hector MacKinnon, 4,117. Kwa sheria ya siku zile, kura zikilingana, msimamizi wa uchaguzi alipiga ya kwake.

Msimamizi alikuwa Onésime Leclair, mshona viatu, mtu mpole aliyepewa kazi ile kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Jaji alimpa mpaka kesho yake saa sita mchana.

Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mshona viatu. MacKinnon ndiye aliyekuwa na kiwanda cha mbao, na wana wote watatu wa Onésime walifanya kazi humo. Bourque alikuwa kaka wa mkewe, Delphine.

Asubuhi ya siku yenyewe MacKinnon alikuja mwenyewe kwenye karakana ya Onésime, iliyoshikana na jiko la nyumba, akaweka buti mezani.

"Wanao ni wachapakazi, Leclair. Yule mdogo ameoa juzi, eti?"

"Mwezi wa tisa, bwana."

"Baridi ni ndefu kwa mwenye ndoa changa. Haya, nisalimie nyumbani."

Onésime aliligeuza lile buti huku na huku. Halikuwa limechanika popote.

MacKinnon hajafika hata njia panda, Aurèle akaingia, sauti mbele, mwili nyuma.

"Shemeji! Mbona umenuna kama uliyekunywa siki? Damu ni damu, bwana. Mama hajaiweka rozari chini tangu jana. Anasema ukinitupa, atakulaani wewe na viatu unavyoshona."

"Hajambo lakini?"

"Miguu imekufa, ila ulimi! Ulimi unatembea mpaka mtoni na kurudi. Miaka minne nimemtunza peke yangu, sina hata mke. Muulize dada, anaijua kazi yake."

Delphine alikoroga supu ya njegere bila kuinua uso.

Aliijua, ndiyo. Mama yake alihamia kwao wiki ileile ya harusi, akakaa miaka ishirini na miwili, mpaka Aurèle alipojenga nyumba kubwa akamchukua. Miaka yote hiyo Delphine hakulalamika hata mara moja. Mpaka leo, kila Jumapili baada ya misa, alikwenda kumwona, akirudi anajilaza kitandani na viatu miguuni. Onésime aliona kwamba huko ndiko kumpenda mzazi, na alimwonea fahari.

Aurèle alipoondoka, Onésime alimsogelea mkewe.

"Nifanye nini, Delphine?"

"Sheria imekupa wewe, Baba Théo. Haikunipa mimi."

"Nikimpa MacKinnon, watoto wetu watakula. Lakini wewe utanitazamaje?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Ni ndugu yangu," alisema mwishowe. "Tumetoka tumbo moja. Nitasema nini zaidi ya hapo?"

Machozi yalimlengalenga. Onésime hakuwa amemwona akilia tangu walipomzika binti yao, na moyo ulimuuma. Alivaa koti, akatoka.

Njia ya kwenda mahakamani ilikuwa imezibwa na watu pande zote mbili, wa Bourque kushoto, wa MacKinnon kulia, theluji ikiwaangukia. Hakukuwa na mahali pa kupita ila katikati yao. Wanawe watatu walisimama kulia na kofia zao za kiwandani. Hakuna aliyemsalimu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jaji alimpa kalamu. Aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri. Bourque.

Nusu ya watu walishangilia, nusu walitema mate. Kengele ya saa saba ilipolia kanisani, mnyapara alikuwa amekwisha kuwafukuza kazi vijana wote watatu. Théo, mkubwa wao, alipishana na baba yake barabarani akatazama upande mwingine.

Onésime alifika nyumbani akiwa hoi. Watoto watapata kazi kwingine, alijiambia. Mke ni mmoja.

"Nimempa kaka yako," alisema. "Nimefanya kwa ajili yako."

Delphine aliketi polepole, kama mtu anayepapasa kiti gizani.

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Aurèle aliingia na theluji magotini, amekumbatia mto na mfarishi.

"Shemeji wa dhahabu! Jumatatu napanda treni ya Ottawa. Nimeona mama aje leo leo, aanze kuzoea. Nisaidieni kumshusha, yuko garini." Alivitupa vitu vya mama yake juu ya meza, akatoka mbio.

"Delphine!" sauti iliita kutoka uani. "Delphine! Unaniacha kwenye baridi?"

Delphine hakuinuka. Alimtazama mumewe tu.

"Siku ya uchaguzi," alisema, "nilimpigia MacKinnon."